Sura ya 6: Mizigo au Vifurushi?

Ukikaa na Waswahili wa Marekani utalisikia swali hili mara kwa mara, uwe kwa Wakongomani wa Louisville, kwa Watanzania wa Houston au kwa Wakenya wa Dallas: "Kaka, CDL ninayo. Nimechoka kulala kwenye lori. Nataka kazi ya kurudi nyumbani kila siku. Niende kampuni ya mizigo au ya vifurushi?"

CDL, kwa asiyeijua, ni leseni ya Marekani ya kuendesha magari makubwa ya biashara. Daraja lake la A ndilo linalomruhusu mtu kuvuta semi-trela. Tangu Februari 2022 huwezi kufanya mtihani wake kwa mara ya kwanza bila kupitia mafunzo kwa mkufunzi aliyesajiliwa na serikali ya shirikisho, na shule hizo ni ghali. Kwa hiyo anayeuliza huwa ameshatumia pesa nyingi, na anataka zianze kurudi.

Mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: UPS. Anaomba kazi huko, anaambiwa nafasi iliyopo ni ya kupakia maboksi usiku kwa saa chache. Anarudi na hasira, akiamini wamemwonea kwa sababu ya lafudhi yake. Huenda hakuna aliyemwonea. Ameingia tu kwenye foleni ambayo waliomshauri hawakumwambia kwamba ipo.

Sura hii inaihusu foleni hiyo, na zile za kampuni nyingine. Hesabu ya dola kwa saa nayo ina nafasi yake, ila kwanza tuelewane kuhusu kazi zenyewe.

Kifurushi kinaishia wapi, mzigo unaanzia wapi

Kwa UPS na FedEx, kifurushi ni kitu kisichozidi pauni 150, yaani kama kilo 68. Kikizidi hapo kinawekwa juu ya paleti, lile jukwaa la mbao ambalo foklifti huliingizia meno yake, na kuanzia hapo kinaitwa mzigo.

Mizigo nayo iko ya namna mbili. Kuna ule unaojaza trela zima: kiwanda kinakodi lori, linapakiwa, linakwenda sehemu moja. Kazi hizo ndizo zinazowalaza watu barabarani. Namna ya pili ni mizigo ya kuchanganya, ambapo trela moja hubeba paleti tatu za matairi, mbili za vigae, mapipa ya rangi na mashine ya duka la dobi, kila kitu na mwenyewe. Katika matangazo ya kazi utaiona kwa herufi tatu, LTL. Dereva anayetaka kulala kwake aitafute hii ya pili. Kampuni zake kubwa ni FedEx Freight, Old Dominion, XPO, Estes, Saia, R+L na ABF, na baadhi yake ni wazee kweli: Saia ilianzia Louisiana mwaka 1924, Estes ina umri wa tangu 1931, na Old Dominion ilianza Richmond, Virginia, mwaka 1934.

Zote hufanya kazi kwa mtindo mmoja. Kila mji mkubwa una kituo chenye milango mingi ya kupakilia. Asubuhi madereva wa mjini hutoka kusambaza mizigo. Mchana hao hao huzunguka kukusanya mingine kwa wateja, na jioni hurudi nayo kituoni. Usiku watu wa foklifti huihamisha kutoka trela hadi trela kufuatana na mji inakokwenda, kisha madereva wa usiku huipeleka. Vifurushi navyo hupita njia kama hiyo, ila badala ya foklifti kuna mikanda inayotembea na mikono ya watu.

Siku inavyokwenda

Dereva wa mizigo wa mjini hukuta trela lake limeshapakiwa. Ana wateja kumi hadi ishirini hivi wa kuwafikia, kutegemea mji. Kubeba kwa mgongo si kwingi, maana ana jeki ya paleti na, akibahatika, trela lenye jukwaa la kushushia mzigo nyuma. Jasho lake linamtoka kwenye kurudisha trela kinyumenyume katika vichochoro vya mikahawa na mageti ya viwanda vilivyojengwa enzi za malori madogo, huku magari yakimpigia honi. Aliyezoea barabara kuu peke yake hupata shida hapa miezi ya mwanzo, hata kama ana miaka mitano ya uzoefu. Tena lazima asome hati za mzigo vizuri: paleti ngapi, zipi zimeharibika, nani amesaini. Paleti ikipotea, sahihi ndiyo itakayomtetea au kumfunga.

Dereva wa usiku wa kampuni hizo hizo huvuta matrela pacha, mawili ya futi 28 kila moja, yaliyounganishwa kwa kigari kizito wanachokiita doli. Huenda hadi kituo cha mbali, au hukutana katikati ya njia na dereva wa mji mwingine, wakabadilishana matrela, kila mmoja akageuza kurudi. Anaweza kupita maili mia kadhaa na bado akamaliza kwa kulala kitandani kwake, ingawa analala jua likiwa limeshachomoza. Kuunganisha doli kwenye theluji ya Ohio mwezi Januari ni kazi ambayo hakuna mwajiri anayeiweka kwenye picha za tangazo.

Upande wa vifurushi kuna jambo linalowashangaza wengi: gari la kahawia la UPS linalopita mtaani kwenu haliendeshwi kwa CDL. Leseni ya kawaida inatosha. Kazi yake ni miguu na mabega: kusimama kwa wateja zaidi ya mia moja kwa siku ni jambo la kawaida, kupanda na kushuka, ngazi za maghorofa, mbwa, na joto. Viyoyozi vyenyewe viliingia kwenye mkataba wa 2023 tu, tena kwa magari mapya yanayonunuliwa tangu Januari 2024. CDL inahitajika kwa madereva wa trela wa UPS, wanaovuta matrela kati ya vituo, wengi wao usiku. Hawa hawagusi maboksi. Wanaunganisha, wanaendesha, wanaachia, wanarudi. Ndiyo kazi ambayo watu humaanisha wanaposema "UPS wanalipa", na ndiyo yenye foleni ndefu.

Kwa ufupi:
- Mizigo, mjini: CDL, mchana, kurudisha trela sana, kubeba kwa kiasi.
- Mizigo, usiku: CDL, matrela pacha, mara nyingi malipo kwa maili.
- Vifurushi, mtaani: bila CDL, kutembea na kubeba kutwa.
- Vifurushi, trela: CDL, usiku mara nyingi, kubeba kidogo, kusubiri sana kabla ya kupata.

Nani anakulipa?

Kabla ya kuuliza mshahara, uliza jina litakaloandikwa kwenye hundi. Nembo iliyo ubavuni mwa gari si lazima iwe ya mwajiri wako.

Anayevaa sare ya FedEx na kugonga milango katika mtandao wake wa Ground, ule wa vifurushi vinavyopita barabarani, kwa kawaida ameajiriwa na kontrakta, mfanyabiashara aliyechukua ruti kadhaa kwa mkataba. Magari ya bluu ya Amazon nayo huendeshwa na kampuni ndogo zilizoingia mkataba na Amazon. Mkenya ataelewa haraka: ni kama matatu iliyopakwa rangi za SACCO, ushirika wa wenye magari. Rangi ni za SACCO, lakini usiku dereva anahesabiana na mwenye gari. Kontrakta akiwa mwema, utaishi vizuri. Akiwa mbahili, bima ya afya itakuwa ya jina tu. Akipoteza mkataba, kazi yako inaweza kwenda naye, hata kama kampuni kubwa inatangaza faida.

FedEx Freight ni jambo jingine kabisa. Hiyo ni kampuni ya mizigo, na madereva wake ni waajiriwa wake yenyewe. Desemba 2024 FedEx ilitangaza mpango wa kuitenga iwe kampuni inayojitegemea. Nimeona watu wakiomba "kazi ya FedEx" bila kujua wameomba ipi, wakafika kwenye usaili wa kontrakta wa gari dogo wakiwa na CDL ya daraja A mfukoni. Kufanya kazi hiyo si aibu, lakini kuna hasara iliyojificha: kampuni za mizigo zinapoajiri hutaka kuona uzoefu wa karibuni wa kuendesha trela. Ukikaa miaka miwili kwenye gari dogo, leseni yako itakuwa hai huku uzoefu wako umelala, na unaweza kuambiwa urudi shule kwa mafunzo ya kukumbushwa.

Foleni ya ukongwe

Ukongwe kazini maana yake ni tarehe yako ya kuajiriwa ikilinganishwa na ya wenzako. Katika kazi hizi tarehe hiyo ina nguvu kuliko cheti chochote. Ndiyo inayoamua nani anachagua ruti, nani anaenda likizo Desemba, nani anafanya kazi mchana, na kazi ikipungua, nani anaambiwa abaki nyumbani.

UPS ina foleni iliyoandikwa. Wafanyakazi wake kama 340,000 waliwekwa chini ya mkataba wa chama cha wafanyakazi cha Teamsters, uliopitishwa Agosti 2023 na unaokwenda hadi mwisho wa Julai 2028. Chini ya mkataba huo, dereva wa kudumu aliyefikia kiwango cha juu atakuwa akipata wastani wa dola 49 kwa saa kufikia mwisho wake, pamoja na pensheni na bima ya afya asiyoikatwa kwenye mshahara. Ni vigumu kuishinda ofa hiyo popote Marekani. Lakini dereva mpya huchukua miaka minne kupanda hadi kiwango hicho, na katika maeneo mengi nafasi za udereva hutolewa kwanza kwa walio ndani. Ndiyo maana yule ndugu yetu aliambiwa aanze na maboksi, kazi ya saa chache ambayo mkataba huo uliipa dola 21 kwa saa kwa kuanzia.

Kijana wa miaka ishirini asiye na watoto anaweza kulipenda hilo. Louisville, kwenye kituo kikuu cha ndege za UPS, kuna mpango wa tangu 1998 unaowalipia karo ya chuo wanaofanya shifti ya usiku. Mtu anapakia ndege usiku, anasoma mchana, na tarehe yake kwenye orodha inazidi kuwa kongwe. Baba wa watoto wanne mwenye kodi ya nyumba hawezi kuishi kwa saa chache za usiku huku akingoja trela ambalo huenda likamfikia baada ya miaka kadhaa.

Kampuni za mizigo hufungua mlango wa kiti cha dereva mapema zaidi. Kadhaa kati yake hata humchukua mfanyakazi wa foklifti na kumgharamia mafunzo ya CDL, kwa sharti la kubaki nao kwa muda. Wengi wa waajiri hawa hawana chama cha wafanyakazi, ingawa ABF na TForce, iliyokuwa UPS Freight hadi ilipouzwa mwaka 2021, wana madereva wa Teamsters. Foleni ipo hata kwao. Mgeni huwekwa kwenye orodha ya akiba: hana ruti yake, anapigiwa simu, leo saa kumi na moja alfajiri, kesho saa nne usiku. Mke wake ataanza kuuliza kama kweli hii ndiyo kazi ya "kurudi nyumbani kila siku". Anarudi, ndiyo, ila hakuna ajuaye saa ngapi.

Tena ukongwe haubebeki. Tarehe 30 Julai 2023 kampuni ya Yellow, moja ya wakubwa wa mizigo ya kuchanganya, ilisimamisha kazi, na siku chache baadaye ikaomba kufilisika. Ilikuwa na umri wa karibu karne moja na wafanyakazi kama 30,000. Madeni yalikuwa yameilemea, pamoja na mkopo wa serikali wa dola milioni 700 wa mwaka 2020, na mvutano wake na chama ulikuwa umefika ukingoni. Mizigo yake ilihamia kwa washindani ndani ya muda mfupi, na madereva wengi walipata kazi huko huko. Lakini mtu aliyekuwa na miaka ishirini na mitano na ruti nzuri ya mchana alianza upya mwisho wa orodha, nyuma ya kijana aliyeajiriwa mwezi uliotangulia.

Asikudanganye mtu kwamba vifurushi havina misukosuko. Januari 2025 UPS ilitangaza kupunguza vifurushi vya Amazon, mteja wake mkubwa kuliko wote, kwa zaidi ya nusu, na Aprili ikasema itapunguza kazi kama 20,000 mwaka huo na kufunga majengo 73. Foleni ya mtu aliyekuwa karibu na kiti inaweza kurefuka kwa uamuzi wa ofisi kuu iliyo Atlanta.

Saa ya arobaini na moja

Watu hulinganisha dola kwa saa kana kwamba saa zote ni sawa. Katika udereva hazifanani.

Mfanyakazi wa kawaida Marekani hulipwa mara moja na nusu kwa kila saa inayozidi arobaini kwa wiki. Hiyo ndiyo ovataimu. Lakini sheria ya shirikisho ya 1938 iliyoileta ina mlango wa nyuma: waajiri wa madereva wa magari yenye uzito unaozidi pauni 10,000, yanayobeba bidhaa za biashara kati ya majimbo, hawalazimiki kuilipa. Wewe mwenyewe huenda huvuki mpaka wa jimbo, lakini mzigo wako umevuka, na mara nyingi hilo linatosha. Kwa hiyo ovataimu ya dereva wa lori hutegemea ukarimu wa kampuni, mkataba wa chama, au sheria ya jimbo. Kichekesho ni kwamba anayeendesha gari dogo la vifurushi lisilozidi uzito huo analindwa na sheria, na mwenye semi-trela halindwi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kampuni ya kwanza inalipa dola 31 kwa saa, na ovataimu inaanza baada ya saa 50. Ya pili inalipa dola 29, na ovataimu inaanza baada ya saa nane za kila siku. Unafanya kazi siku tano, saa kumi na moja kila siku. Wiki ikiisha, ya kwanza imekupa dola 1,782.50. Ya pili imekupa 1,812.50. Kama ya kwanza haina ovataimu kabisa, unaondoka na 1,705. Ile yenye tangazo dogo ndiyo imeshinda, na saa kumi na moja kwa siku si chumvi: sheria inamruhusu dereva kuendesha saa 11 ndani ya muda wa kazi wa saa 14.

Kipimo kingine cha kuweka kichwani: Mei 2024 mshahara wa kati wa dereva wa malori makubwa Marekani ulikuwa dola 57,440 kwa mwaka, maana yake nusu yao walipata zaidi ya hapo na nusu pungufu. Ofa ya kazi ya mjini iliyo chini sana ya hapo iwe na sababu nzuri.

Kuna majira pia. Vifurushi hufurika Novemba na Desemba, wakati wa sikukuu, na wengi wanaoajiriwa kwa msimu huo huagwa Januari. Mizigo hunyong'onyea wakati wa baridi, na hapo walio mkiani mwa orodha hupata siku tatu za kazi badala ya tano. Weka akiba mapema.

Makaratasi yanayofungua milango

Kampuni za mizigo zitakuuliza kuhusu vibali vya ziada kwenye CDL: T cha matrela pacha, N cha matangi, na H cha mizigo ya hatari kama asidi, rangi na gesi. Katika trela la kuchanganya karibu kila siku kuna pipa moja la namna hiyo, kwa hiyo asiye na H ni mzigo kwa mpangaji wa safari. Kibali hicho kinahitaji alama za vidole na uchunguzi wa usalama wa serikali kuu. Kukipata kabla ya kuomba kazi kunakusogeza mbele ya wengi.

Kiingereza nacho kimekuwa jambo zito. Sharti la dereva kukisoma na kukizungumza vya kutosha ni la zamani, ila tangu tarehe 25 Juni 2025 askari wa barabarani akiona hukielewi anaweza kukusimamisha hapo hapo, usiendeshe tena. Zoea kusoma alama za barabarani na kujibu kwa sauti: unatoka wapi, unakwenda wapi, umebeba nini. Tena Septemba 2025 serikali ilitoa kanuni ya dharura inayobana CDL za wageni wasio na ukaazi wa kudumu, na suala hilo likafika mahakamani. Kama leseni yako imefungwa na muda wa kibali chako cha kazi, ongea na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuacha kazi uliyo nayo.

Mimi ningemshauri nini?

Mwenye CDL na familia, asiye na akiba ya kungoja: mizigo ya kuchanganya, kwa kampuni inayomwajiri yenyewe, akubali orodha ya akiba mwaka wa kwanza. Asiye na CDL, mdogo, asiye na haraka: UPS kwa kupitia maboksi, au kazi ya foklifti kwa kampuni ya mizigo inayolipia shule, na kati ya hizo mbili mimi naegemea foklifti, kwa kuwa njia ya kufika kwenye kiti ni fupi. Mwenye CDL anayeitwa na kontrakta wa vifurushi aende tu kama ni trela, na bima ameiona kwa macho kwenye karatasi. Anayepata nafasi ya trela UPS kutoka nje, kwa bahati, aikamate kwa mikono miwili, hata kama shifti ni saa nane usiku.

Kwenye usaili uliza haya, na majibu uyaandike:
- Ovataimu inaanza baada ya saa ngapi, za siku au za wiki?
- Bima ya afya inaanza lini, na ya familia nzima nakatwa kiasi gani?
- Kuna saa za uhakika kwa wiki, au ni mpaka mzigo uwepo?
- Nikitoka kwenye foklifti kuwa dereva, tarehe yangu ya ukongwe inabaki ile ile?

Swali la mwisho watu husahau kuuliza. Kuna mahali ukihama idara, unaanza foleni upya.

Kumbuka pia kwamba unaajiriwa na kituo zaidi ya kampuni. Kampuni moja inaweza kuwa na kituo Columbus ambako mgeni anapata ruti ndani ya mwaka, na kingine Dallas ambako watu wanangoja miaka mitano kwa kuwa wazee hawastaafu. Ofisi ya ajira haitakwambia hayo. Nenda kituoni jioni, saa ambayo madereva wa mjini wanarudi, ukasimame nje ya geti kwa heshima. Salimia, jitambulishe, mwombe mmoja akuonyeshe mtu wa mwisho kwenye orodha yao. Huyo muulize aliajiriwa lini, na wiki iliyopita alifanya kazi siku ngapi.